Namba Inayoishia Arobaini na Saba

Alhamisi ni siku ya gulio Lushoto, na mtu mwenye haraka hakatizi sokoni siku hiyo. Secilia alilijua hilo tangu utoto wake, na bado alikatiza. Alipita katikati ya matenga ya karoti na marundo ya kabichi, kompyuta ameikumbatia kifuani ndani ya mtandio, akiwaambia "samahani" watu ambao alikuwa ameshawakanyaga. Ukungu wa Juni ulikuwa haujainuka. Soko zima lilikuwa ndani ya masweta na makoti, yeye peke yake yumo ndani ya blauzi nyepesi ya maua na sketi ya jinzi, kama mtu anayeshuka Tanga kutembea. Tangu asubuhi kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya kufikiria baridi.

Ilikuwa saa tano na robo. Kabla ya saa kumi jioni michoro yake kumi ilitakiwa iwe imeshafika Arusha, kwenye ofisi moja ya wasanifu wa majengo iliyokuwa inatafuta mchoraji. Secilia alichora ramani za nyumba, hasa nyumba za milimani, zile zinazokaa kwenye mteremko na kuyaacha maji ya mvua yapite bila kubeba msingi. Mafundi wa Vuga, kwao, walimheshimu. Lakini hakutaka kuzeekea kwenye kuchora vyoo na mabanda ya ng'ombe, na kazi hii ya Arusha, ya miaka miwili, aliitaka kwa roho yake yote. Michoro yote kumi ilikuwa ndani ya kompyuta. Flashi yake iliharibiwa na virusi mwezi wa tatu, na tangu hapo alikuwa akisema atanunua nyingine wiki ijayo.

Na kompyuta ilikuwa imemkatalia. Kwa miezi mitano alikuwa akiifungua kwa kidole tu. Asubuhi hii iliwaka, ikajisasisha, ikazunguka weee, halafu ikakikataa kidole na kudai neno la siri. Secilia aliandika kila neno alilolijua. Hakuna lililokubaliwa. Fundi wa kwanza, Omari wa jirani na stendi, aliigeuza geuza kisha akatikisa kichwa.

"Dada, naweza kuifuta ikaanza upya, lakini vilivyomo vyote vinaondoka. Hata nikitoa diski haitasomeka, imefungwa. Dawa ni moja. Hapa inasema itatuma tarakimu sita kwenye simu, halafu utaweka paswedi mpya. Namba inaishia arobaini na saba. Ya nani?"

Secilia hakuwa na namba ya hivyo, wala hakumjua mwenye namba ya hivyo. Ndiyo maana alikuwa akikimbilia kwa fundi wa pili, ng'ambo ya soko, alipomgonga mwanamume aliyebeba rimu nne za karatasi. Rimu zote zikaenda chini, moja ikatua juu ya karoti.

"Mama, taratibu basi!" mwanamume akasema, akiinama kuziokota. Halafu akainua uso.

Alikuwa Alen. Alen Shekiondo, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi lililotazamana na soko. Alen ambaye kwa ajili yake Secilia alikuwa na miezi mitano akizunguka barabara ya juu, yenye matope na mbwa, ili asilione hilo duka. Alivaa sweta ya bluu na koti la mvua lililoachwa wazi, na alikuwa amefuga ndevu. Zilimkaa vizuri, jambo ambalo lilimuudhi Secilia zaidi.

"Secilia."

"Nina haraka."

"Naona. Umepungua."

"Sikukuuliza."

"Kompyuta imefanya nini?"

"Haijafanya kitu."

"Mtu habebi kompyuta kama mtoto mwenye homa kama haijafanya kitu," Alen akasema. "Haya, nipishe basi. Umesimama kwenye karatasi zangu."

Secilia akaangalia chini. Kweli alikuwa amesimama kwenye karatasi zake. Sijui ni aibu, sijui ni ile saa iliyokuwa inakimbia, lakini hapo hapo akafunua kompyuta juu ya tenga la karoti, mwenye karoti akiguna, akamwonyesha. Alen akasoma kioo. Uso ukambadilika.

"Arobaini na saba ni mimi," akasema.

"Wewe unaishia kumi na mbili."

Alipolisema tu akatamani kulirudisha. Namba alishaifungia asiione, lakini kichwani ilikuwa bado inakaa pale pale. Alen alijifanya hakusikia.

"Laini yangu ya zamani. Hii akaunti nilikufungulia mimi, dukani, siku ile umeinunua mashine. Namba yako ilikuwa mpya, hujaishika kichwani. Nikaweka yangu. Nusu ya mji huu nimewawekea yangu."

"Basi soma hizo tarakimu!"

"Laini yenyewe sinayo. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, ikafungwa, mwaka juzi. Namba ikilala muda mrefu wanampa mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Tumpigie tumjue."

*

Hapa msomaji inabidi aambiwe kilichokuwa kati ya hawa wawili, maana wao wenyewe hawakuwa tayari kukisema.

Walikuwa wamependana mwaka na nusu, mapenzi ya wazi, ya kusindikizana na kupigiana simu kabla hata ya kunawa uso. "Umeamkaje, mama ramani?" Alen angeuliza. "Nimeamka na wewe masikioni, mzee wa kopi," naye angejibu. Mwezi wa kwanza Alen akatuma barua ya posa Vuga, kama inavyotakiwa, mkononi mwa mshenga. Baba mdogo Nikodemo, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake Secilia, alikaa na ukoo, akamuuliza binti, binti akaridhia. Baba mdogo akatoka nje kupiga simu kwenye namba iliyoandikwa chini ya barua ili atoe jibu. Aliporudi alikuwa amekunja uso. Mama wa kijana amekana, akasema. Amesema hawajatuma posa kwa mtu, na tusiwasumbue.

Shangazi watatu walikuwa sebuleni. Secilia aliwaona wakitazama sakafu. Akaingia chumbani, akamwandikia Alen maneno mawili, *Usinitafute tena*, akaifungia namba yake. Halafu akafungua kompyuta, akalitoa neno la siri la zamani, ambalo lilikuwa jina la Alen, akaandika lingine huku haoni vizuri kwa machozi. Hilo lingine ndilo asilolikumbuka. Alen alifika nyumbani mara mbili akaambiwa binti yuko Korogwe kwa dada yake, na ilikuwa kweli. Baada ya hapo hakuja tena.

*

"Haloo," sauti ya mwanamke ikasikika kwenye simu ya Alen, katikati ya kelele za soko jingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, samahani kwa usumbufu. Kuna ujumbe utaingia kwenye simu yako, una tarakimu sita. Tunaomba tu utusomee..."

"Aaa! Mmeanza! Juzi mlisema nimeshinda pikipiki, leo tarakimu?"

"Mama, sisi si matapeli."

"Tapeli gani aliwahi kukwambia yeye ni tapeli?" Simu ikakatwa.

Secilia akaichukua yeye, akailainisha sauti mpaka yeye mwenyewe akajishangaa. "Mama yangu, naomba unisikilize kidogo tu, nina shida..."

"Na wanawake mmo! Huna haya, binti? Hukuzaliwa wewe?" Ikakatwa.

Mara ya tatu hawakuwahi hata kusalimia. "Mimi ni Mama Rajabu, muuza mapeasi wa Mlalo, sijifichi! Anayenitaka aje hapa sokoni anitapeli macho kwa macho!" Kisha simu ikazimwa kabisa.

Mwenye karoti alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. Secilia hakucheka. Aliitazama saa. Saa sita kasoro kumi.

"Mlalo," akasema.

"Kwa pikipiki saa moja na nusu, ukungu ukiturehemu."

"Sikukuomba unipeleke."

"Najua. Wewe hujawahi kumwomba mtu kitu," Alen akasema, akavuka barabara na kufunga duka lake kwa kufuli, siku ya gulio, foleni ya watu wenye vyeti vya kutoa kopi imesimama mlangoni. Walimpigia kelele. Hakugeuka.

*

Njia ya Mlalo inapanda, inashuka, inajikunja, inapanda tena, na Secilia alishika chuma cha nyuma cha pikipiki ya Alen ili asimshike mwenyewe aliyekuwa akiendesha. Kwenye kila kona alikuwa akihesabu dakika. Upepo ulipita ndani ya blauzi ya maua kana kwamba hakuvaa kitu. Walipofika mahali ambapo ukungu ulifunika barabara yote, Alen akasimama, akavua koti, akavua sweta ya bluu, akampa.

"Sitaki."

"Ukitetemeka pikipiki inayumba. Vaa."

Akavaa. Ilikuwa na joto la Alen na harufu ya wino wa mashine. Secilia akageuza uso upande wa bonde, ambako hakukuwa na cha kuonekana.

"Mama yako hajambo?" akauliza, kwa namna ambayo hata mgeni angejua si salamu.

"Hajambo. Anakuulizia."

"Ananiulizia!" Secilia akashuka kabisa kwenye pikipiki. "Ana ujasiri!"

"Ujasiri wa nini? Alikupenda. Wewe ndiye uliyeandika nisikutafute."

"Na ninyi mlisema nini kwa baba mdogo?"

"Sisi? Tulisema nini? Tulituma barua tukakaa kusubiri. Wiki ya kwanza, ya pili. Simu haikulia. Mzee Rubeni, mshenga wetu, akasema wakinyamaza ujue wamekataa, ni adabu yao, usiwaulize. Halafu ukaja ujumbe wako."

"Baba mdogo alipiga. Nilikuwepo. Alipiga, akajibiwa."

"Na nani?"

"Na mama yako!"

"Mama yangu hajawahi kupigiwa simu na baba yako mdogo, Secilia."

"Muongo."

Alen akavaa koti lake upya. Akawasha pikipiki. "Saa saba na nusu," akasema. "Panda."

*

Mama Rajabu alikuwa mwanamke wa makamo, mwili umejaa, amefunga khanga juu ya sweta ya kijani ya shule ambayo bila shaka ilikuwa ya mtoto wake, na buti za mpira miguuni. Simu ndogo ya vibonye ilining'inia shingoni ndani ya kifuko cha kufuma. Walimpata saa tisa kasoro dakika tano, baada ya kuteleza mara mbili na kupotea mara moja.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mapeasi?"

"Mama," Secilia akasema, "sisi ndio tuliokupigia."

Mkono wa Mama Rajabu ukaganda juu ya mapeasi. "Mmekuja kweli?" Akawageukia majirani, akawaambia jambo kwa Kishambaa, na meza zote za maharage na vitunguu zikaangua kicheko. "Matapeli wa siku hizi wana usafiri. Haya, nitapelini."

Secilia alikuwa ameshafungua kompyuta juu ya kreti, ameshaiunganisha na simu ya Alen, ameshabonyeza. Chaji ilikuwa inasoma asilimia kumi na nne. Kifuko shingoni mwa Mama Rajabu kikalia, ti-ti. Mama Rajabu akakifunika kwa kiganja.

"Kwanza nani ni nani. Sitoi namba kwa watu wasio na majina."

Alen akampa kitambulisho. Mama Rajabu akakipeleka kwa muuza maharage wa pembeni. "Sharifa, nisomee, maandishi haya ni madogo kama wadudu."

"Alen Shekiondo," Sharifa akasoma.

Mama Rajabu akasogea karibu, akamtazama Alen tangu ndevu mpaka viatu. "Alen? Alen wa posa?"

Secilia akaiacha kompyuta, akamgeukia Mama Rajabu.

"Posa gani, mama?" akauliza polepole.

"Si kuna mzee alinisumbua mwezi wa kwanza! Laini nimeinunua hata haijamaliza wiki. Mzee ana sauti ya kanisani. Ananiambia, 'Barua ya kijana wenu Alen tumeipokea, binti ameridhia, na sisi tumeridhia, leteni watu wenu Jumapili ya pili.' Nikamwambia mzee wangu, kijana wangu mimi ni Rajabu, ameshaoa, yuko Dodoma. Hapa hatujatuma posa kwa mtu, msinisumbue. Nikamkatia. Nilijua ni wale wale, safari hii wameleta mbinu ya ndoa."

Alen alikaa kwenye kreti tupu, taratibu, kama anayehofia kuvunja kitu.

"Tumeridhia," akarudia. "Alisema tumeridhia?"

"Alisema hivyo. Na kwa furaha, maskini."

"Alen," Secilia akasema. "Barua ile. Nani aliichapa?"

"Mimi." Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nina barua moja ya posa dukani, ya miaka yote. Mtu akija nabadilisha majina, nachapa. Nimewaoza watu kwa barua ile, Secilia. Ya kwangu nikafanya hivyo hivyo. Nikabadilisha majina, nikabadilisha tarehe. Namba ya chini ilikuwa yangu, ile ya zamani, ya arobaini na saba. Nilivyoiona ni yangu sikuiangalia mara mbili."

Secilia alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi mitano ya barabara ya juu. Miezi mitano akimchukia mama wa watu ambaye hakuwa na kosa, mama ambaye siku ya Pasaka alimtumia salamu na yeye akazikataa. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba swali moja tu lingetosha. Angempigia Alen siku ile akamuuliza, mambo yangeisha kabla ya chakula cha jioni. Hakuuliza. Aliona aibu mbele ya shangazi zake, akaithamini aibu yake kuliko huyu mtu.

"Binti," Mama Rajabu akasema, akionyesha kompyuta. "Hiki kinaandika jambo."

Kioo kilikuwa kinasema muda umekwisha, omba tarakimu nyingine. Saa tisa na robo.

Secilia akabonyeza tena, kifuko kikalia. Safari hii Mama Rajabu alikivua shingoni chenyewe, akaitoa simu na kumwekea Secilia mkononi. "Soma mwenyewe. Kosa la kwanza nililifanya mimi bila kujua, la pili silitaki."

Vidole vya Secilia vilikuwa vya baridi. Alisoma tarakimu sita, akaziandika, akakosea moja, akaifuta, akaiandika tena. Kompyuta ikafikiri. Ukafunguka ukurasa wa kuweka neno jipya. Alen akageukia upande wa vitunguu bila kuambiwa, asione anachoandika. Kitendo hicho kidogo kilimfanya Secilia ashindwe kuona kioo kwa muda.

Michoro ilikuwepo yote. Kumi. Akaiambatanisha, akabonyeza kutuma, na mstari mdogo wa bluu ukaanza kutembea kwa uvivu. Ulifika robo ukasimama.

"Mtandao," Sharifa akasema. "Hapa chini haushiki. Panda juu ya kitu."

Alen akaweka kreti juu ya kreti, akapanda, akanyoosha simu juu. Mstari ukasogea. Akaushusha mkono kidogo kujikuna, mstari ukasimama.

"Usishushe!"

"Sishushi."

"Alen, mkono!"

"Uko juu, mama ramani, ungetaka uende wapi tena?"

Jina hilo lilimtoka bila yeye kupanga. Wote wawili wakalisikia. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Chaji asilimia sita. Soko la Mlalo lilikuwa limeacha kuuza. Watu walisimama duara wakimtazama mwanamume juu ya kreti na mstari wa bluu, na kila ukisogea mtu mmoja aliutangaza kwa wengine. Asilimia tatu. Saa tisa na dakika hamsini na mbili kioo kikaandika kwamba barua imetumwa, halafu, kama iliyotimiza wajibu wake, kompyuta ikazimika.

Watu wakapiga makofi. Alen akashuka, mkono wake wa kulia unatetemeka, akajaribu kuuficha mfukoni.

"Hongera," akasema.

"Umechoka."

"Nikwambie kitu kibaya? Pale juu, mstari ulipofika nusu, niliwaza niushushe tu mkono. Niseme mtandao umekata. Maana ukipata hiyo kazi unaondoka."

"Kwa nini hukushusha?"

"Nimekukasirikia miezi mitano, Secilia. Lakini sijawahi kutaka ushindwe."

Secilia akaushika ule mkono unaotetemeka, mbele ya mapeasi na maharage na watu wote. "Mimi nilikuwa na namba yako kichwani muda wote," akasema. "Ningeweza kukuuliza. Sikukuuliza. Nisamehe, Alen. Na mama yako nitakwenda kumpigia magoti mwenyewe."

"Sogeeni," Mama Rajabu akaingilia kati. "Namba ya yule mzee nipeni. Mimi ndiye niliyemkatia, mimi ndiye nitakayempigia."

Walijaribu kumzuia. Nani angemweza? Akapiga, akaweka sauti ya juu, akaishika simu mbele ya kinywa chake kama kipaza sauti.

"Baba, shikamoo. Mimi ni yule mwanamke niliyekukatia simu mwezi wa kwanza, ya posa." Akamwaga habari yote, ya laini, ya matapeli, ya Rajabu na mke wake wa Dodoma.

"Huyo kijana yuko hapo?" Baba mdogo Nikodemo hatimaye akauliza.

Alen akavua kofia, ingawa hakuonekana. "Shikamoo baba. Nipo."

"Marahaba. Barua yako niliichana."

"Basi naomba kwa mdomo, baba. Naomba kumwoa Secilia. Kosa la namba ni langu, si la mama yangu."

Kuku wa mtu alipita katikati ya duara.

"Na Secilia?"

"Nipo, baba."

"Mwezi wa kwanza ulisema umeridhia. Leo unasemaje?"

Angeweza kujibu neno moja, ukoo ukafurahi, soko likapiga makofi tena. Ndilo neno ambalo kila mtu pale alikuwa analingoja. Lakini alikuwa ameshapoteza miezi mitano kwa kunyamaza, na hakuwa tayari kupoteza siku nyingine.

"Baba, leo nimeomba kazi Arusha. Wakiniita nakwenda, na ni miaka miwili. Huyu namtaka. Sijaacha kumtaka hata siku niliyomkataza asinitafute. Lakini nakwenda. Kama ananitaka hivyo, nimeridhia. Kama hawezi, aseme sasa hivi, mkisikia wote, nisije nikaletewa jibu na mtu mwingine tena."

Mama Rajabu akasogeza simu karibu na Alen. Macho ya soko zima yakamgeukia. Alimtazama Secilia, ndani ya sweta yake ya bluu, mikono ya sweta imemfunika vidole, kidevu kimeinuka kwa ukaidi. Alikuwa amekwisha kumpoteza mara moja, naye alikuwa kilomita chache tu kutoka dukani kwake; si umbali uliowatenganisha.

"Baba," akasema kwenye simu, "Jumapili hii tuje saa ngapi?"

Secilia akaanza kulia, palepale, na safari hii hakutafuta chumba cha kujificha.